Mafuta ya Sikio Zima

Kitunguu saumu kikianza kukaangika ndani ya mafuta ya nazi, bega langu la kulia hupanda lenyewe kuziba sikio.

Ajabu ni kwamba siku ile ya utoto wangu lililouma lilikuwa la kushoto. Bibi alinilaza mapajani, akachovya pamba kwenye mafuta ya vuguvugu, akanikamulia matone matatu na kuniziba. Maumivu yakaanza kulegea. Kisha akanigeuza.

"Hili haliumi, bibi."

"Yanatiwa yote mawili, mjukuu wangu, maradhi yasihamie. Tulia, usiinuke, yatamwagika."

Nikatulia, nimetazama ukuta, pamba masikio yote mawili, nasikia damu yangu tu. Mkono wa bibi ulinikandamiza kichwa kuliko dawa ilivyotaka. Nilidhani anachelea mafuta kumwagika.

Aliponitoa pamba nilitoka uani. Kwenye kamba hapakuwa na kanga ya mama hata moja. Mlangoni palikuwa na alama za matairi ya pikipiki mchangani. Amekwenda kisiwani Vamizi kwa mume wake mpya, nikaambiwa.

"Aliniita?"

Bibi alikuwa akiosha kikaango. "Sikio limepoa?" akaniuliza.

Lilikuwa limepoa kweli.

Nimelea watoto wanne kwa mafuta hayo hayo, nikiwatia sikio linalouma tu. Maradhi hayajavuka kichwa cha hata mmoja, na sijaona mtu mwingine akitia dawa sikio zima.