Pongezi kwa Fundi Saa

Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, Katibu husimama mbele ya wanachama thelathini wa klabu ya kujitolea na kusoma taarifa. Mwaka wa kumi na moja huu. Huanza na ratiba: wiki ijayo daktari wa meno atazungumza, wiki ya pili ni kuchangia damu, ya tatu ni kuzibua mfereji wa soko, kazi ambayo kila mtu huiunga mkono kwa moyo wote na siku yenyewe ikifika huumwa kiuno. Kisha hugeuza ukurasa, na ukumbi mzima hukaa vizuri vitini, maana sasa zinakuja habari za wanachama.

Hapo ndipo penyewe. Anayetajwa husimama alipo, akapigiwa makofi matatu ya pamoja, pa, pa, pa, akaketi shingo imeongezeka urefu. Mwalimu mkuu alisimama alipostaafu, akasimama tena aliporudishwa kazini kwa mkataba. Mwenye bucha aliwahi kusimama kwa kung'olewa jino. Ila kuna sharti: huleti habari yako mwenyewe, lazima mwenzako akuandikie kikaratasi. Sharti hilo lilitungwa na Katibu, baada ya mwenye bucha kujiletea habari wiki nne mfululizo.

Kwa kazi, Katibu ni fundi saa. Ana kibanda chini ya ngazi za jengo la posta, meza moja na taa ya kuinamisha. Klabuni, ukimtoa rafiki yake mmoja, hakuna anayelikumbuka hilo. Cheo kimeimeza kazi, na hata siku ya kuzibua mfereji wanamwita Katibu tu. Nyumbani nako hajawahi kukitaja cheo, akiona ni kujisifu. Huaga tu, "Nakwenda kikaoni," akachukua kofia.

Sasa bintiye akafaulu mtihani wa mwisho wa ukunga, baada ya kuanguka mara mbili. Alipoanguka mara ya pili alijifungia chumbani siku tatu, na baba mtu akakaa nje ya mlango na saa ya mteja mapajani, hana la kusema. Safari hii alikuwa nalo.

"Mwanangu, Jumatano klabu nzima itakupigia makofi."

"Lakini baba, nitakuwa zamu."

"Nitakusimamia mimi."

Akamfuata rafiki yake kinyozi, mwanachama mwenzake, amwandikie kikaratasi. Kinyozi akaandika huku mteja ana povu shavuni. "Leo siji, nina bwana harusi na wapambe sita," akasema. "Lakini hiki kinatosha."

Jioni ile Katibu aliisoma ratiba mbio mbio. Mwalimu mkuu kapata mjukuu, pa, pa, pa. Kisha kikafika chake.

"Binti wa mwenzetu, fundi saa wa pale posta, amefaulu mtihani wa ukunga. Hongera kwa mzazi."

Akainua macho. Mikono yote ilikuwa juu, tayari. Watu wakageuza shingo kulia, kushoto, nyuma, wakimtafuta atakayesimama. Na Katibu alikuwa amesimama tangu kikao kianze, pale pale anaposimama miaka yote.

Angeweza kusema, "Ni mimi." Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini sharti ni lake, kinyozi wa kumshuhudia hayupo, na mwenye bucha yuko safu ya mbele anamkodolea macho. Akainamia karatasi kwa aibu.

"Fundi saa hakuja?" akauliza mwenyekiti.

"Kwani tuna fundi saa?" akauliza mwenye bucha.

"Basi, mikono chini. Katibu, mwandikie barua ya pongezi, na mhuri uwepo. Halafu umkumbushe kwa upole ahudhurie vikao. Hatuwezi kuwa na wanachama wa jina tu."

"Sawa, mheshimiwa mwenyekiti," akasema Katibu, akaandika.

Na barua akaiandika kweli, kwa kuwa hajawahi kupuuza agizo la kikao. Aya ya mahudhurio aliiweka, akaipunguza makali kidogo. Akatia sahihi yake isiyosomeka juu ya neno "Katibu", akagonga mhuri, akaibeba nyumbani mwenyewe.

Binti aliisoma mara mbili, akaibusu, akampa mama yake, akakimbilia nyundo. Katibu alikuwa anavua viatu, amefurahi kwelikweli, na usimcheke. Karatasi yenye mhuri si haba. Mkewe aliisoma polepole mpaka chini, akavua miwani.

"Baba Mkunga, hawa wanasema vikaoni huonekani. Miaka kumi na moja, kila Jumatano unaniaga. Huwa unakwenda wapi?"

Jibu lilikuwa fupi, na lilikuwa la kweli. Lakini binti alishapanda kwenye kiti, barua kaibana ukutani kwa kiganja, anauliza kama imekaa sawa.

"Huwa natembeatembea tu," akasema Katibu.