Giza la Kimulimuli

Nilipokuwa mtoto pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, mama yangu hakuogopa mtu. Mwanamke wa Tabora, aligombana na laoban, yaani bosi wa duka, kwa Kichina cha sokoni tu mpaka laoban akaomba poo. Kwa hiyo jioni ile nilipoingia na chupa mkononi nikamwona anarudi nyuma hadi ukutani, nilisimama pale pale mlangoni.

"Pendo! Umemwingiza ndani?"

Kwenye chupa kulikuwa na kimulimuli. Mtoto wa laoban wa ghorofa ya chini alikuwa amenunuliwa chupa nzima ya wadudu hao, maana huku wanauzwa kama zawadi. Wote walikufa, akanipa huyu mmoja aliyebaki. Nikaona nimeokota dodo.

Kwetu, kimulimuli akiingia nyumbani ni roho ya mtu wa nyumba hiyo aliye safarini. Hafukuzwi, hauawi. Anatolewa nje akiwa bado anawaka, anaachiwa gizani apate njia. Akizimikia ndani, msafiri harudi. Na baba alikuwa huko Afrika, njiani na lori la mzigo kwenda Lubumbashi, simu yake haipatikani tangu juzi.

"Vaa viatu," mama alisema. "Usiitikise."

Sasa Guangzhou hii, giza utalipata wapi? Barabarani taa. Chini ya daraja la magari, taa za buluu. Bustanini akina mama wa Kichina wanacheza dansi, na kila mti una taa yake. Kimulimuli alilala chali chupani, akiwaka na kuzima, kila mara akichelewa zaidi. Nililia kimya kimya. Jamani, baba yangu anakufa mkononi mwangu na watu wanacheza dansi!

Mama akachuchumaa nyuma ya kichaka, akafungua kitenge kiunoni, akatufunika sote wawili. Giza tulilopata ni hilo. Nikafungua kifuniko, tukangoja. Siku zote alimwita baba "Baba Pendo", lakini pale nilimsikia akimwita kwa jina lake hasa, polepole, kama anamwamsha. Kimulimuli akawaka. Akapanda kidole cha mama, akawaka tena. Mama akainua pindo, kimulimuli akaruka.

Baba alipiga simu asubuhi. Lori lilipinduka, mguu umevunjika, lakini yu hai. Mama alimgombeza weee, halafu akakaa sakafuni akalia.

Leo nasomea wadudu. Kimulimuli ninayemchunguza ni wa Marekani, anaishi vinamasini, na hata wataalamu wa huko bado hawamjui vizuri. Dume huwaka akimtafuta jike. Taa za watu zikizidi, hawaonani, kizazi kinakatika. Nimekuja likizo kwa mama, hapa hapa Xiaobei, nikamweleza hayo tukiwa tunakula. Alinisikiliza vizuri kabisa.

"Sawa, mwanangu. Na baba yako alirudi."

Nilicheka. Lakini wiki iliyopita mama alikwenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla, kununua mzigo, na giza likaingia simu yake bado haipatikani. Mimi, pamoja na shahada zangu, niliinuka nikazima taa zote za nyumba, nikafungua dirisha.