Maji yalipokatika, alimshuku mdogo wake

Ukungu bado umelala juu ya miti ya aprikoti pale Savriniso Hakimova anapofika kwenye mfereji wa kijiji cha Poyon, jembe begani. Analichomeka ukingoni, mpini juu, anasogea pembeni na kuficha mikono ndani ya koti lake la pamba. Kilichobaki ni kungoja.

Ndiyo desturi ya bonde hili la milima ya Tajikistan. Siku ya kusafisha mfereji, kabla ya msimu wa kumwagilia, mgawa maji huliacha jembe lake mbele ya watu. Anayeona kwamba mgawa maji huyo hafai hulichomoa, na kazi inahama. Jua likizama jembe likiwa limesimama, mwenyewe hulirudisha nyumbani kwa mwaka mwingine.

Kwa miaka minane ya Savriniso katika kazi hii hakuna aliyeligusa. Mwaka huu Savriniso, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, hana hakika.

"Wakilichukua, nitalimia nini, kijiko?" anasema, bila kucheka.

Kwa kazi hii kila nyumba humpa gunia la ngano na ndoo ya aprikoti kavu kwa mwaka. Mumewe yuko Urusi, anajenga nyumba za watu, na hutuma fedha, somoni mia tano kwa mwezi. "Akikumbuka," mkewe anaongeza.

Hofu yake ilianza Julai iliyopita. Tope na mawe vilishuka mlimani, vikabomoa nyumba kumi na nne za Poyon na kumuua mzee Qurbon, ambaye alikuwa hawezi kutoka kitandani. Kijiji cha juu, Sangdara, ambacho kiko karibu zaidi na mlima, hakikupoteza hata kuku. Tangu hapo watu wa Poyon wanauliza nani alaumiwe.

Sangdara wana king'ora cha tahadhari. Kimefungwa juu ya paa la mgawa maji wa huko, Mohiniso. Mohiniso ni mdogo wake Savriniso, tumbo moja.

"Mimi ndiye mkubwa," Savriniso anasema. "Lakini tangu utotoni, kizuri kikija kinapita mlangoni kwangu kinaenda kulala kwake. Mume wake mwalimu, analala nyumbani kila siku. Mfereji wao wa saruji. Hata waridi zake hazipati wadudu."

Wahandisi walipokuja kutafuta pa kukiweka king'ora, kilikuwa kimoja kwa vijiji viwili. Savriniso aliwaandalia chai ya maziwa na mkate. Juu huko, mdogo wake aliwapikia pilau ya kondoo yenye vitunguu saumu vizima. Mpaka leo anaamini kwamba pilau ndiyo iliyoamua.

Kuanzia siku hiyo ndugu hao hawakusemezana. Walibaki kuambiana jambo moja tu, kwa njia ya zamani: zamu ya Poyon ikifika, Mohiniso hufungua lango na kurusha konzi ya mabua ya ngano majini. Mabua yakifika chini, Savriniso anajua maji ni yake.

Siku ya maafa mabua yalifika asubuhi kama kawaida. Adhuhuri maji yakapungua, yakawa kama uzi, kisha likabaki tope tupu.

Bonde zima linajua maana yake. Kijito kinacholisha mifereji kikikauka ghafla wakati wa jua kali, kuna kitu kimekiziba huko juu, na kikiachia, maji yatashuka na tope na mawe. Savriniso naye alilijua hilo tangu akiwa mtoto.

"Lakini siku ile sikuuona mlima," anasema. "Nilimwona Mohiniso. Nilimwona kabisa, ameshika lango, anacheka."

Akapita nyumba hadi nyumba akisema wameibiwa. Wanaume tisa walichukua majembe wakamfuata kandokando ya mfereji kwenda kudai maji yao. Isfandiyor, mwana wa mzee Qurbon, alikuwa mmoja wao. Walipofika katikati ya njia walisikia mngurumo, wakakimbilia ubavuni mwa kilima. Tope lilipita chini ya miguu yao, likielekea walikotoka.

Huko Sangdara, Mohiniso anaeleza kwamba aliona kilima kimeporomoka na kuziba kijito, akapiga king'ora, na watu wake wakapanda juu. Simu ilikuwa mfukoni mwake.

"Niliwaza kumpigia," anasema, macho yakiwa kwenye birika. "Nikasema moyoni, ataona namtisha ili nile zamu yake. Halafu king'ora kinalia, kwani hasikii?"

Baada ya kumimina chai anaongeza jambo ambalo hakuulizwa. "Anasema nimempita kwa kila kitu. Mama alifia mikononi mwake, akiita jina lake. Hilo hakukwambia?"

King'ora hakikusikika Poyon. Kati ya vijiji hivyo kuna kilima. Watu wa ofisi ya maafa ya wilaya walikijaribu king'ora wakiwa wamesimama chini yake, na hawakumtuma mtu Poyon kusikiliza. Ofisa mmoja, ambaye hakutaka jina lake litajwe, anasema kwa simu kwamba taarifa yao inaonyesha kinahudumia vijiji vyote viwili, na kwamba kupashana habari ni wajibu wa wananchi. Alipoulizwa kama amewahi kufika Poyon, alijibu kwamba siku ya majaribio barabara ilikuwa mbaya.

Alasiri, mfereji umejaa watu wanaozoa tope. Hakuna anayelitazama jembe, na hakuna anayelisahau.

"Hilo jembe litaota mizizi, shoga," anatania jirani yake, Gulandom.

Jua limebakiza kidole kugusa mlima, Isfandiyor anapanda ukingoni na kulichomoa. Analifuta tope kwa mkono wa shati lake, taratibu, mpaka chuma kinaonekana.

"Uliniita, dada, nikakufuata," anasema. "Miguu ilikuwa yangu. Nilimwacha baba ndani kwa sababu hata mimi nilitaka waibe kweli, nipate wa kumpiga."

Kisha anamrudishia Savriniso jembe lake. "Lakini mabua yaje kila saa, si siku ya zamu tu. Nenda kaongee na mdogo wako."

"Nitaenda na nini mkononi?"

"Pilau," anasema Gulandom, na mfereji mzima unaangua kicheko.

Kesho Savriniso atapanda Sangdara. Anataka wakubaliane hivi: mabua yasipofika kwa wakati, Poyon wapande kilimani kwanza, wakiwabeba wasioweza kutembea. Habari ya nani kafunga lango itaulizwa baadaye.

Baada ya hapo ana safari ya wilayani, kudai king'ora cha Poyon. Ameshachagua mahali, juu ya paa lake.

"Kiwe na sauti kubwa kuliko kile," anasema, akilipandisha jembe begani. "Kikilia hapa, Mohiniso akisikie huko kwake."