Kumtafuta Mwandishi wa Kitabu Kisicho na Jalada

Niliondoka Masasi kwa sababu ya maneno mawili ya wino mwekundu. Mchungaji Chilumba, anayesimamia utafiti wangu katika chuo chetu kidogo cha Biblia, aliyaandika pembeni mwa sura ya tatu: "Nani kasema?" Nilichukia kwelikweli. Aliyesema ni mwandishi wa kitabu alichonipa yeye mwenyewe, na ambacho ametufundishia tangu mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba ni kitabu cha kopi, kama vitabu vyetu karibu vyote pale chuoni. Kilitolewa kopi kutoka kwenye kopi nyingine. Hakina jalada wala jina la mwandishi, na namba za kurasa zilikatwa na mashine, mtu akaziandika upya kwa kalamu ya bluu.

"Mwaka huu mtahini anatoka nje, Mwinjilisti," alinieleza. "Hatakubali sura nzima isimame juu ya mtu asiye na jina. Mtafute. Ukimkosa, sura itoke."

Sura ikitoka, narudia mwaka, na kanisa la nyumbani lilikuwa limenisubiri miaka mitatu. Tena hiyo sura ndiyo niliyoipenda. Ilihusu Ruthu, mjane mgeni aliyeokota masuke yaliyoachwa na wavunaji shambani kwa Boazi. Mwanzoni mwandishi wangu anasema Ruthu hakufadhiliwa na mtu, sheria ilimpa haki yake. Katikati anageuka. Anasema wazi kwamba mawazo hayo ni makosa, kwamba sheria peke yake ingemwacha Ruthu na njaa, na kilichomlisha ni wema wa Boazi. Mchungaji Chilumba alikuwa akitupigia mfano: "Mnamwona msomi wa kweli? Anajikosoa hadharani!" Mimi nikaandika kurasa ishirini na mbili kueleza kwa nini alibadili mawazo.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi, jioni likatushusha Mbagala, pembeni mwa jiji. Kutoka hapo nikachukua basi la mwendokasi mpaka Gerezani, kwa mama mdogo Sikudhani, anayeishi chumba cha uani nyuma ya mafundi wa vipuri. Nilimkuta amemaliza kuswali, anakunja mkeka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Yaani umetoka Masasi kote huko kuja kutafuta jina la mtu?"

"Ndiyo."

"Kwani amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Amenisaidia."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa. "Haya, kula kwanza. Ukishiba labda utanieleza nikaelewa."

Jumanne asubuhi nilikwenda Posta kwa miguu, kwenye maktaba moja ya masomo ya dini niliyoelekezwa na chuo. Mlangoni nikaacha mkoba, nikapewa kibati chenye namba, nikaingia na daftari, kalamu na kitabu changu. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine na kimya cha kukufanya uone haya kukohoa. Mkutubi, dada mmoja mrefu aitwaye Happiness, alinikaribisha vizuri, akaweka vidole kwenye kompyuta.

"Jina la mwandishi?"

"Silijui."

"Poa. Jina la kitabu?"

"Nalo silijui."

"Mwaka? Mchapishaji?"

"Dada, hayo yote ndiyo niliyoyafuata."

Akatoa vidole kwenye kompyuta. "Sasa mbona unataka tuanzie mwisho?" Hakuwa na dharau, alichanganyikiwa tu, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kumzidi. Nilipomwambia kinamhusu Ruthu, akaniandikia kwenye kikaratasi: 222.35. Nilidhani ni namba ya chumba. Nilizunguka ghorofa nzima nikitafuta mlango, mpaka akaja kunishika mkono na kunipeleka kwenye rafu. Kumbe ndiyo anwani ya vitabu vyote vinavyomhusu Ruthu.

Siku nzima nilikuwa nikitoa kitabu kimoja baada ya kingine, nafungua ukurasa wa kwanza, nalinganisha na wangu. Vyote, kama changu, vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza changu huenda taratibu. Jioni nikafukuzwa kwa upole sina kitu.

Jumatano, kabla ya saa sita, nikampata! Sentensi ya kwanza ilikuwa ileile, ya pili ileile. Nilipiga kelele "Haleluya," wasomaji wakageuka. Jalada lilikuwa la kijani, na jina lake liko pale, kubwa. Nilinakili kila kitu. Kisha, kwa furaha tu, nikafuata kurasa moja moja kumsindikiza mwandishi wangu mpaka pale anapojikosoa.

Hakujikosoa.

Mpaka ukurasa wa hamsini na nane vitabu vilikwenda pamoja. Kuanzia hapo changu kikashika njia yake na cha kijani kikashika yake. Cha kijani kiliendelea kutetea haki na sheria mpaka mwisho, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Nilisoma tena. Nikanawa uso, nikasoma mara ya tatu.

"Labda chako ni toleo la baadaye," alisema Happiness. "Watu huandika upya."

Hilo lilinipa moyo. Tukatafuta matoleo kwenye kompyuta, tukatafuta kwenye kabati la kadi za zamani. Lilikuwepo toleo moja tu. Alhamisi asubuhi nilikuwa bado nafunua kitabu changu huku na huku, na kwa kuteswa hivyo gundi ikaachia. Karatasi zikamwagika chini ya meza. Nilipiga magoti kuziokota na machozi yakanitoka. Sikuona sababu ya kuyaficha.

Nilirudi Gerezani na karatasi kifuani. Mama mdogo hakuuliza mengi. "Nenda kwa Mzee Jayanti, nyuma ya soko. Ndiye aliyenishonea msahafu wangu."

Alhamisi mchana nilipenya Kariakoo, katikati ya ndoo, mapazia na watu wanaotembea kana kwamba barabara ni ya baba zao, mpaka nikafika kwenye duka jembamba linalonuka gundi. Mzee Jayanti ni Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo, na kazi yake ni kushona vitabu: vya shule, vya nyimbo, vya dini zote. Nilimwamkia, akapokea karatasi, akazigongagonga mezani zikae sawa. Halafu akaacha kuzigonga. Akatoa karatasi mbili, akaziweka dirishani kwenye mwanga.

"Mama, unataka nishone kitabu kimoja au viwili?"

"Kimoja, mzee. Ni kimoja."

"Hapana. Hivi viwili." Akanionyesha kwa ukucha. "Hapa maelezo madogo yako chini ya kila ukurasa. Kuanzia hapa hakuna, yote yako mwishoni. Na hii g, ona, mkia wake umefunga. Hii nyingine mkia uko wazi."

"Mwandishi ni yuleyule," nilimbishia, maana kurasa ishirini na mbili zilikuwa zinanifia mikononi. "Alibadili mawazo."

"Sawa, binadamu anabadili mawazo. Na mtambo wa kupigia chapa nao ukabadili?"

Nilikaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Yeye hajawahi kusoma habari za Ruthu, na kwa dakika moja alikuwa ameona kile ambacho mimi, darasa langu na mwalimu wangu hatukukiona kwa miaka. Nilimwambia avishone viwili.

Ijumaa nilimweleza Happiness, akacheka mpaka akaziba mdomo. Kisha akanifundisha jambo ambalo lingeniokoa tangu Jumanne. Chukua sentensi nzima ya sehemu ya pili, iandike kwenye kompyuta ndani ya alama za kunukuu, uiache itafute kwenye majarida ya kitaaluma. Ilileta jibu moja. Yalikuwa makala ya mwanamama mmoja, na ameyaandika makusudi kumpinga mwenye kitabu cha kijani, tena kwa kumtaja jina. Ule unyenyekevu tuliousifu ulikuwa ugomvi wa watu wawili. Nilitoa kopi za kurasa za mbele za vyote viwili, na safari hii nikahakikisha majina yanasomeka.

Jumamosi nilirudi Masasi. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mkubwa wangu kwamba amefundisha mwandishi asiyekuwepo, na sikupata hata moja lenye adabu ya kutosha.

Jumatatu asubuhi niliweka vitabu viwili mezani kwake, nikaeleza huku nimeangalia sakafu. Mchungaji Chilumba alisoma kopi zote. Kisha akashika ukurasa wa hamsini na tisa, akapitisha kidole juu ya namba ya bluu.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Nilikuwa mwanafunzi. Karatasi zilichanganyika kwenye begi, nikazipanga kwa akili yangu, nikazipa namba."

Nilimwambia naweza kuandika sura upya kwa wiki mbili, kuhusu wasomi wawili wanaobishana, na hakuna atakayejua ya nyuma. Alitikisa kichwa. Alitaka kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, nieleze kwamba wanafunzi wa chuo hiki walifundishwa vingine, na nitaje na mwalimu.

"Mchungaji, mtahini ataisoma."

"Ndiyo maana nakwambia uandike."

Nilijifunza kutafuta kitabu kwa namba, kwa jina na kwa sentensi, na hayo namfundisha kila anayeniuliza. Ila kuandika mistari ile mitatu ya tanbihi kulinichukua siku nne, na kulinitesa kuliko sura yenyewe. Nilipompelekea, alisoma mpaka chini, akakuta nimeandika "mwalimu mmoja". Akachomoa kalamu, akakata maneno hayo mawili, akaandika juu yake jina lake kamili, ndipo akatia sahihi.