Mkanda wa Ngozi ya Ndama

Ngozi mbichi inapoanza kukauka hutoa harufu ambayo si uvundo wala si usafi, iko katikati. Mpaka leo nikipita nyuma ya bucha na kuikuta imewambwa juani, mapaja yangu hujibana yenyewe. Wenzangu hudhani nimetamani nyama. Mimi huwa nimekumbuka asubuhi moja nilipotoka nyumbani bila kujua ninakwenda wapi, nimevaa mkanda niliojishonea mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, au kumi na mitatu. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Tuliishi upande wa Idodi, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mstari na jirani hamjui jirani. Mama alikuwa amefariki. Baba alikwenda kuchuma chai Mufindi na hakurudi. Nikawa kwa baba mkubwa, mtu asiye na ubaya wowote, ila watoto walikuwa wengi kiasi kwamba ukikosekana wakati wa ugali, wenzako walishiba zaidi na habari ikaishia hapo.

Kwetu walikuwepo wawindaji wa kukaa mtini. Unapanda mkuyu uliozaa, unatulia juu ya tawi na upinde wako, unangoja funo au swala aje kuokota matunda yaliyoanguka. Wanyama hao hawana mazoea ya kutazama juu. Lakini kazi hiyo ilifanywa na watu wawili: mmoja juu, mwingine chini, amejificha mbali kidogo, ili wa juu akisinzia aamshwe na akianguka aokotwe. Hakuna aliyepanda bila mtu wa chini.

Mimi nilimwomba binamu yangu Mgaya.

"Na ukianguka, mimi nitamwambia nini baba?" aliniuliza.

"Sitaanguka."

"Basi kama huanguki, mtu wa chini wa nini? Nenda zako."

Wengine sikuwaomba. Niliamua kushona kitu cha kunishika badala ya mtu wa chini.

Ndama wa jirani alikufa, nami nikapewa ngozi yake kwa kusaidia kuichuna. Nilikata mkanda wa kiunoni upana wa vidole vinne, nikaukunja mara mbili. Nikashona vitanzi viwili vya kupita mapajani, halafu ukanda mrefu wa kuzungushia mti na kuja kufungwa kwa fundo tumboni. Niliazima shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani nikaupaka nta. Mfuko wa mishale niliushona kwa gunia, na ndani ya vitanzi nikaweka vitambaa ili nisichubuke. Nilikaa kwa fundi viatu nusu siku nikimwuliza juu ya mshono: unaanzia wapi, unarudia mara ngapi, unafungaje mwisho. Alinijibu yote. Juu ya ngozi yenyewe sikumwuliza neno. Ilikuwa bado mbichi, sindano ilipenya vizuri, nikaihifadhi ndani ya gunia lililoloweshwa ili ibaki laini. Nilijiona mwerevu kupita fundi.

Siku ya tatu niliamka kabla ya jogoo, nikauvaa mkanda juu ya kaptula, nikachukua upinde na kuanza kutembea. Sikumuaga mtu. Niliteremka kuelekea tambarare, jua likatoka, nikaendelea tu, nikipita mikuyu miwili mitatu iliyokuwa inafaa kabisa, kwa sababu nilitaka mti ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuupanda. Niliupata kando ya mto uliobaki madimbwi. Nikapanda juu kuliko paa la shule, nikajizungushia ukanda, nikaukaza hadi nikasikia shina linanikumbatia mgongoni. Niliachia mikono yote miwili. Mshono ukashika. Nilicheka peke yangu, halafu nikageuka kutafuta wa kumwonyesha.

Hakuna funo aliyekuja. Walikuja ngedere, wakanitazama, wakaniona sina maana. Jua lilipanda na kupenya katika majani. Kwanza nilihisi mapaja yamekufa ganzi. Kisha pumzi ikawa fupi. Nikashika fundo ili nilegeze kidogo, nikakuta limekuwa kama jiwe. Ngozi ilikuwa inakauka, na kadiri ilivyokauka ilijivuta, inanivuta nami kwenye shina. Nilitoa kisu, nikajaribu kukipenyeza chini ya ukanda. Kikaniponyoka, kikagonga tawi, kikaanguka chini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naweza kufa pale nikiwa nimefungwa vizuri. Nilitaka kuita. Nikafikiria jina la kuita, na nisilipate. Mama hayupo. Baba yuko Mufindi. Mgaya angesema alinionya. Basi, msinicheke, nikapiga kelele kwa nguvu zote zilizobaki: "Hodi! Hodi!"

Sijui nilipiga hodi mara ngapi. Jua lilikuwa limeanza kuinama nilipojibiwa na sauti ya mwanamke.

"Karibu! Uko wapi wewe unayebisha hodi porini?"

"Huku juu, mama."

"Juu? Siku hizi ndege wanabisha hodi?"

Alikuwa mama wa Kisukuma, amejifunga shuka jeusi na fimbo mabegani, nyuma yake ng'ombe wanashuka kunywa maji. Wasukuma walikuwa wamehamia huko kutoka kaskazini na mifugo yao, nasi kwetu tulikuwa tukitishwa habari zao.

"Nani amekufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Alicheka mpaka akaishikilia fimbo. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka.

"Hiyo ngozi imechunwa lini?"

"Juzi."

"Juzi! Halafu unakaa nayo juani. Wewe, kojoa."

"Mama?"

"Ikojolee ilainike. Mimi nina vijana wanne, sioni kipya. Haya, nageuka."

Aligeuka. Haikutoka hata tone, kwa kiu na kwa aibu. Akaniuliza kama tayari, nikasema bado. Akauliza tena, nikaanza kulia. Basi akaingia dimbwini, akalowesha kitambaa alichojifunga kichwani, akakiviringa kama mpira na kukirusha. Mara mbili kilirudi chini na majani. Mara ya tatu nilikidaka. Nilikikandamiza juu ya fundo, nikasubiri, naye akawa ananisemesha wakati wote kusudi nisizimie: jina langu nani, nimekula nini, kwa nini nina miguu mirefu hivyo. Fundo lilipolegea nilishuka tawi kwa tawi, na kwenye tawi la mwisho nikaporomoka kama gunia, akanidaka kwapani.

Njiani aliniuliza, "Kwenu wanajua uko huku?"

"Ndiyo. Wananisubiri."

"Aa," alisema, akaendelea kuswaga ng'ombe.

Nyumbani kwake palikuwa na uzio wa miba na nyumba tatu za udongo. Alipofika kwa mumewe alisema sentensi moja kwa Kisukuma. Akaisema tena kwa mama mkwe, na tena kwa wale vijana wanne walipoingia. Sikuielewa, lakini niliisikia mara tatu, ikaniganda masikioni kama wimbo. Nilidhani anawasimulia habari ya mkojo, nikainamisha uso. Hakuna aliyecheka. Bibi alinipa maziwa ya mgando. Kijana mkubwa akasogeza mwili wake kwenye ngozi waliyolalia, akapiga pale palipobaki wazi kwa kiganja, nami nikajilaza.

Nilizunguka sana baada ya hapo. Miaka mingi baadaye, nikichimba dhahabu Makongolosi pamoja na vijana wa Kisukuma, nilikuwa nimeshajifunza lugha yao bila kukusudia. Siku moja nikiosha mchanga ile sentensi ilinirudia, neno kwa neno, na safari hii nikaielewa. Alikuwa amewaambia: "Huyu hatakuja kutafutwa na mtu, mpeni nafasi."