Jina la Muhindo Redioni

Nakumbuka vizuri mno, mwanangu, jioni ile ambayo rafiki yangu Muhindo alinijibu kwenye redio, wakati misa ya kumwombea ilikuwa imekwisha kusomwa. Umekuja kuniambia kwamba unataka kuingia klabu ya ndege, na kwamba baba yako ameshakubali. Mimi sikukatazi. Kaa hapo, mimina chai, unisikilize kwanza, maana jambo hili huwa silisemi mara mbili.

Tulikuwa watu watano hapa Butembo tuliorusha ndege kwa kujifurahisha tu. Mji ulituona vichaa. Wenzetu wakipata faida wanaongeza ghorofa, sisi tukanunua ndege mbili kuukuu za viti viwili, zikaja vipandevipande ndani ya kontena, katikati ya marobota ya vitambaa vya Papa Kakule. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, muuza vitambaa wa jumla, mtu mnene aliyejibana kwenye kiti cha ndege mpaka tukamcheka. Paluku alikuwa na gereji ya pikipiki. Mbambu alikuwa na duka la dawa. Muhindo alifundisha hesabu. Na mimi, Kavira, niliuza vipuri vya pikipiki, msichana mwenye mdomo na asiyeogopa kitu.

Kiwanja chetu kilikuwa ukanda wa majani juu ya kilima. Ng'ombe walifukuzwa kwanza ndipo mtu aruke. Usiniulize raha yake ilikuwa nini. Njia ya Beni, mji wa kaskazini kwetu, siku zile, kama siku hizi, mtu aliianza kwa sala. Lakini huko juu, Kalunguta ikiwa imelala chini yako na mashamba yake yote, hakuna kizuizi, hakuna mwanajeshi wa kukuomba karatasi, roho ilitulia. Tulipendana kwa sababu hiyo, nadhani. Tulikuwa tumeona kitu kimoja ambacho ndugu zetu wa damu hawakukiona.

Tulikuwa na desturi tuliyoiita kufunga siku. Kila mmoja alikuwa na redio ndogo dukani au nyumbani, na kubwa ilikaa kwenye kibanda cha kiwanjani. Jioni, mwenye zamu kibandani aliita majina yote, hata kama siku hiyo hakuna aliyeruka. Ukisikia jina lako unajibu, "Niko chini." Basi. Muhindo pekee hakusema hivyo, kwa sababu alikuwa na kigugumizi na neno la kwanza lilimtesa. Yeye alibonyeza kitufe cha redio mara mbili bila kusema kitu, nasi tukasikia kwenye spika zetu: ta, ta. Tulijua huyo ni Muhindo, yuko chini, amefika.

Jumapili moja aliruka kwenda Beni na hakufika. Tulimtafuta upande wote wa Kalunguta, kwa ndege iliyobaki, kwa pikipiki, kwa miguu. Hatukuona hata kipande cha bawa. Padri akasoma misa ya kumwombea, lakini matanga hatukufanya. Unajua kwetu hapa ni familia ngapi zina mtu wa namna hiyo, ambaye si mzima na si marehemu. Sisi tukaendelea kuita jina lake jioni. Nani angethubutu kuliondoa? Tuliliweka mwisho, na bila kukubaliana, kila mtu alipokwisha kujibu lake alizima redio yake haraka, ili asisikie jina lile likiitwa na kukosa jibu. Mwenye zamu alibaki nalo peke yake.

Jioni ninayokuambia ilikuwa zamu yangu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni ukakaa mlangoni pa kibanda. Niliita Papa Kakule, Paluku, Mbambu, wakajibu wakazima. Nikamwita Muhindo, mkono wangu tayari kwenye swichi.

Ta, ta.

Nilitoka nje nikazunguka kibanda, nikarudi, nikaita tena. Ta, ta. Ilikuwa polepole kuliko alivyozoea, kama mtu anayefikiria kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Lakini mimi nililia kwa furaha, mwanangu, nikapiga magoti pale kwenye udongo. Kisha sikumwambia mtu. Niliona haya. Niliwaza kwamba Papa Kakule angenituliza kama mtoto, na Mbambu angenipa vidonge vya usingizi.

Nikaanza kuomba zamu za wenzangu. Walinipa upesi kuliko nilivyotarajia, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni wema. Kila jioni nilimuuliza Muhindo maswali. Una baridi? Ta, ta. Unatusikia siku zote? Ta, ta. Nikamtajia mahali. Beni, kimya. Kalunguta, kimya. Nikataja Alimbongo nikibahatisha tu, maana Alimbongo iko kusini na yeye alikuwa ameelekea kaskazini. Ta, ta. Nikajiambia, ndiyo maana hatukumpata. Unaona mtu anavyojidanganya? Swali moja tu sikuwahi kumuuliza: kama kweli ni yeye.

Na kulikuwa na mama yake. Jumapili baada ya misa alikuwa akinishika mkono pale nje ya kanisa, akiuliza kila mara jambo lilelile: "Kavira, mutoto wangu iko nakula wapi?" Nilikuwa sina jibu. Sasa niliamini ninalo, na nilitaka kumletea mwanawe mzima mpaka mlangoni. Hilo ndilo lililonisukuma kuliko yote.

Basi nikakata shauri. Asubuhi moja ambayo haikuwa siku ya mtu kuruka, nilifukuza ng'ombe mwenyewe, nikawasha injini, nikaenda kusini. Butembo ilikuwa na jua. Mbele, milima ya Alimbongo ilikuwa imefunikwa na wingu jeupe, limelala, halina hata tundu. Nikaita kwa redio ya ndege. Akajibu. Kila nilipopinda kidogo niliuliza kama nimeelekea sawa, naye akajibu. Nilipofika juu ya wingu nikamuuliza, "Niteremuke hapa?"

Ta, ta.

Niliteremka. Mwanangu, ndani ya wingu hakuna juu wala chini. Unaona vioo vilivyolowa, unaona mikono yako mwenyewe, na kwingine kote weupe unakusogelea. Ndege yetu haikuwa na vyombo vya kuruka bila kuona. Ilikuwa na dira, kipimo cha kimo, na macho ya rubani. Nilijua hayo yote. Nilijua pia kwamba mlima uko mahali fulani ndani ya weupe ule. Lakini nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu anayeshikwa mkono kuongozwa nyumbani, na utulivu ule ndio unaonitisha mpaka leo ninapoukumbuka.

Ndipo sauti ya Papa Kakule ikaingia.

"Kavira, uko wapi? Jibu, mwana."

Sikujibu. Nilikasirika, nakuambia ukweli, nilimwona kama mtu aliyeingia chumbani bila hodi. Akaita tena. Nikanyamaza. Nikasikia anawaambia wenzake, redio ikiwa wazi, "Bon. Tunafunga siku sasa hivi. Batu bote bakae hapa. Hapana mutu anazima."

Ilikuwa asubuhi, saa za watu kufungua maduka, na yeye akaanza kuita majina kama jioni.

"Paluku."

"Niko chini."

"Mbambu."

"Niko chini, Papa." Alikuwa analia.

"Mimi Kakule, niko chini. Muhindo."

Nikangoja. Nilikuwa nimemsikia muda mfupi tu uliopita, karibu kabisa, kama aliyekaa kiti cha pili. Sasa wangesikia wote, wangejua sikuwa mwendawazimu. Papa Kakule hakuharakisha. Alimpa Muhindo nafasi yake yote ya kujibu, kama ilivyokuwa desturi. Injini ilinguruma, matone yakateleza kwenye kioo, na redio haikutoa hata mkwaruzo. Aliyenijibu kila nilipokuwa peke yangu hakuwa na neno mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipoogopa.

"Kavira," akaita Papa Kakule.

"Niko juu, Papa," nikasema, na sauti yangu sikuitambua. "Niko ndani ya mawingu. Hapa Alimbongo."

"Panda. Hapana kugeuka, hapana kumuuliza mutu. Panda tu, tuko na weye."

Nilivuta usukani kwa mikono miwili. Kitu kilikwaruza chini ya miguu yangu, kirefu, laini, kama ufagio ukipita sakafuni. Kisha jua likanipiga usoni. Wakati wote wa kurudi walizungumza nami kwa zamu: Paluku bei ya matairi, Mbambu habari za binamu yake wa Beni anayetaka kuoa, upuuzi mtupu, bila kuniachia kimya hata kidogo. Nilipotua, Paluku alichomoa majani mabichi ya mti kwenye magurudumu. Aliyatupa mbali.

Nilitegemea wanigombeze. Mbambu alikuwa amesikia injini juu ya duka lake, akatazama ukungu wa kusini, akawapigia simu wengine bila hata kufunga duka. Nilimuuliza alijuaje kwamba nimekwenda vibaya. Akatazama chini.

"Sababu na mimi alinijibu," akasema. "Aliniambia iko Beni. Nilishaanza kutafuta nani atanipeleka kule mu pori."

Paluku akavua kofia. "Mimi aliniambia iko Kalunguta, kwa mutoni. Nilienda na pikipiki mara mingi. Mara ya mwisho niliingia mu maji mpaka hapa," na akajigusa kifuani.

Tukamgeukia Papa Kakule. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kibanda, mtu mzima yule.

"Mimi aliniambia iko hapa," akasema. "Nyuma ya kibanda. Kila jioni ya zamu yangu nilitoka kutazama. Lakini sikusema. Nilifikiri batoto hawa batasema muzee amezeeka kichwa."

Basi ndiyo maana walinipa zamu zao upesi. Walikuwa wanakimbia, kila mmoja na siri yake, na mimi nikazipokea zote. Papa Kakule akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Hapana kosa yako peke," akaniambia. "Sisi bote tulikuwa tunazima. Tulikuachia jina ya mwenzetu ubebe weye moja. Hiyo ndiyo mubaya tulifanya, na ingekuua."

Jioni hiyo tulikaa kibandani wote wanne, mabega yakigusana. Papa Kakule aliita jina la Muhindo. Hatukusikia chochote. Akaliita tena, na tukangoja pamoja, tukiwa tumeshikana mikono, mpaka giza likaanza kuingia. Ndipo tulipolia kwa mara ya kwanza tangu apotee, kilio cha kweli, Paluku akipiga ukuta wa mbao kwa ngumi. Baadaye tukashuka kwa mama yake. Nilimwambia sijui mwanawe anakula wapi, na kwamba siamini atarudi. Nilidhani nitamuua kwa maneno yale. Akatusogezea viti. Akasema, "Wasingya," asante kwa Kinande, kisha akasema, "Nilikuwa nangoja mutu moja tu mwenye atakubali kulia na mimi." Tukafanya matanga nyumbani kwake, bila mwili, mji mzima ukaja, na tangu hapo redio haikunijibu tena.

Usiniulize ni nini kilichokuwa kinajibu. Fundi aliifungua redio ile akaisafisha, hakuona kasoro. Padri alinisikiliza mpaka mwisho akanyamaza, na nilimheshimu kwa hilo. Najua tu kwamba kilifahamu ni wakati gani niko peke yangu.

Sasa, mwanangu, unataka kuruka. Watakufundisha upepo, mafuta, na uzito. Mimi nakupa hili. Ukisikia jambo ambalo wenzako hawakulisikia, waambie siku hiyohiyo, hata kama watakucheka. Likiwa jema litasimama mbele yao. Likiwa baya litanyamaza. Usione haya kuonekana mjinga mbele ya watu wanaokungoja utue. Na ukiwa wewe ndiye uliye chini, usizime kwa sababu jina linalofuata linakuuma. Kaa ulisikie pamoja na mwenye zamu. Hapa kwetu kila nyumba ina jina lake moja linaloumiza, na nimeona watu wengi wakiongozwa nalo porini kwa sababu majirani walizima mapema. Klabu si ndege, ndege ni mabati na vitambaa. Klabu ni wale watakaoacha maduka yao asubuhi kweupe na kukuita mpaka ujibu.

Haya, nenda ukawaambie watu wa klabu nimekubali. Nyamuhanga, Mungu aliyeumba milima hii na mawingu yake, akufungulie njia ya juu na akuhifadhie ya kurudi. Akupe marafiki wenye masikio. Na jioni watakapoliita jina lako, uwe na pumzi ya kuitika, na wao wawepo kukusikia. Amina.