Mihogo ya Siku ya Pili

Jumanne ile nilimenya mihogo michungu asubuhi nzima, nikailoweka kwenye pipa nyuma ya nyumba. Mama alikuwa msibani, kijiji cha jirani. Aliniagiza mihogo ikae majini siku nne, zisipungue hata moja, maana sumu yake hutoka polepole. Ikishavunda vizuri, kidole kinazama chenyewe.

Alhamisi mama alirudi mbio. Wenye bunduki walikuwa wamevuka mto.

Nikajaza mihogo kikapuni, nikamshika mkono mdogo wangu Furaha.

Tulitembea siku mbili bila kula. Asubuhi ya tatu Furaha alilia njaa kwa sauti, na wale wenye bunduki hawakuwa mbali. Mama akachoma muhogo, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Ililala majini siku ngapi?"

"Siku ine, mama."

Akaubonyeza tena.

"Basi minakula kwanza. Nyinyi mutakula jua likiinama."

Kwetu mpishi ndiye huonja, kwa hiyo sikushangaa. Alikula muhogo mzima.

Saa sita mchana akaanza kutapika.

"Mumwage yote," akasema.

Jua lilipoinama tulimfunika kwa majani. Udongo ulikuwa na mizizi mingi, na sisi hatukuwa na jembe.

Tangu hapo nimehama kambi, nchi na miji, sijakaa pahali nikasema nimefika. Sasa napanga chumba Sparkhill, huku Uingereza. Mihogo nanunua Stratford Road, imegandishwa kwenye mifuko. Baridi ya Birmingham huichelewesha, hivyo naweka ndoo kando ya hita, siku sita. Jirani wa juu analalamikia harufu.

Jumapili Furaha huja kwa basi kutoka mtaa wa Great Barr, na njaa yake ileile. Namwekea sahani, kisha namzuia.

"Dada, muhogo ya dukani haina sumu! Umekuwa polisi wa chakula?"

"Ngoja kidogo."

Nakula mimi kwanza. Anacheka, lakini anangoja, chakula kinapoa mbele yake.

Furaha huwaambia watoto wake kwamba bibi yao aliuawa na vita. Ni kweli, na sijawahi kumsahihisha. Ila kila nikiinua kifuniko cha ndoo nabonyeza muhogo kwa kidole gumba, na najua kwamba mama naye alijua. Zilikuwa siku mbili.